Muziki mnene kwenye gari dogo: Jinsi ya kuuboresha kwa awamu bila kutoboa mfuko

• Spika za milango ya mbele na kutuliza bati la mlango huleta tofauti kubwa kwa hela kidogo kuliko sabufa.
• Wati zilizoandikwa kwenye boksi si wati unazopata. Fyuzi ya kifaa husema ukweli zaidi.
• Waya wa amplifaya usio na fyuzi karibu na betri unaweza kuunguza gari.

Dar es Salaam. Gari la mtumba likishuka bandarini kutoka Japani, mara nyingi injini ni nzima na AC inapuliza vizuri, ila redio ni mtihani. Skrini imejaa Kijapani, stesheni zinashika chache, na spika za milangoni zimeshachoka. Toyota IST ya kwanza iliingia sokoni Japani mwaka 2002. Maana yake baadhi ya IST zinazopiga mishe mjini leo bado zina spika za karatasi zenye umri wa zaidi ya miaka 20.

Wenye magari wengi hukimbilia sabufa kwanza. Buti linajaa boksi, kibao cha namba kinatetemeka, mtaa mzima unajua fulani kafika, lakini maneno ya msanii hayasikiki vizuri. Hela imeenda, mziki haujaja.

Kuna njia nyingine, ya kwenda hatua kwa hatua. Mtu anayeweka kando Sh50,000 kwa mwezi ana Sh300,000 baada ya miezi sita, na mwaka ukiisha ana Sh600,000. Hiyo si hela ya kufanya kila kitu kwa siku moja, lakini inatosha kujenga mfumo taratibu kwa sharti moja: kifaa kinachonunuliwa leo kisije kutupwa kwenye hatua inayofuata. Ndiyo maana mpangilio una uzito kuliko jina la kampuni lililoandikwa kwenye spika.

Kabla ya kutoa hata mia

Kazi ya kwanza haina gharama. Ingia kwenye mipangilio ya redio, hamishia sauti yote kulia, kisha kushoto, mbele, nyuma. Utasikia kila spika ikiimba peke yake. Si ajabu kukuta moja imekufa kabisa na nyingine inakwaruza, na mwenye gari alikuwa hajui kwa sababu zote zilikuwa zinapiga pamoja.

Angalia pia ekolaiza. Gari likishapita kwenye mikono miwili mitatu, mara nyingi utakuta besi na trebo zimepandishwa hadi mwisho. Rudisha kila kitu kwenye sifuri, kisha sikiliza upya.

Halafu chanzo cha muziki. Wimbo uliorushwa WhatsApp mara tano, au uliopakuliwa kutoka kwenye video kwa ubora wa chini, hautapona hata ukipigwa kwenye spika za milioni. Kwenye programu za kusikilizia muziki kuna sehemu ya kuchagua ubora wa sauti. Nyingi huanza na ubora wa kati ili kuokoa bando, kwa hiyo pakua nyimbo ukiwa kwenye Wi-Fi kwa ubora wa juu. Na kile kidude cha kuchomeka kwenye kiberiti cha gari kinachorusha sauti kwa FM ndicho kiungo dhaifu kuliko vyote. Kama redio ina tundu la AUX au USB, tumia hilo.

Jambo jingine ambalo mafundi wengi hulisahau ni spika moja kufungwa kinyume, yaani chanya na hasi zimebadilishana. Spika ya kushoto inasukuma wakati ya kulia inavuta, na besi inapotea hewani. Kipimo chake ni betri ndogo ya saa ya ukutani, ya volti 1.5. Chomoa waya za spika kwenye redio, gusisha chanya ya betri kwenye waya wa chanya na hasi kwenye hasi. Spika ikitoka nje kidogo, iko sawa. Ikiingia ndani, imegeuzwa. Kazi ya dakika kumi.

Redio ya Kijapani na fumbo la FM

Japani masafa ya FM yalikuwa kati ya 76 na 90, na baadaye yakaongezwa hadi 95. Tanzania, kama nchi nyingi duniani, inatumia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo redio ya zamani ya Kijapani itashika Wasafi FM ya Dar es Salaam, 88.9, lakini EFM ya 93.7 na Times FM ya 100.5 haitazifikia.

Dawa ya bei nafuu ni ekspanda, kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kushusha namba. Ikishusha kwa 14, kwa mfano, Times FM itasikika kwenye 86.5 na EFM kwenye 79.7, lakini Wasafi itaangukia 74.9 ambako redio haifiki. Ekspanda hutofautiana kiwango cha kushusha, kwa hiyo kabla ya kununua orodhesha stesheni unazosikiliza kweli, piga hesabu ya kutoa, ndipo uchague.

Kuna mtego mwingine. Baadhi ya redio za Toyota zenye ramani hujifunga betri ikichomolewa, kisha huomba namba ya siri ukionyeshwa neno ERC kwenye skrini. Hapo hakuna redio wala muziki hadi namba sahihi ipatikane. Anayejua gari lake lina redio ya aina hiyo amwambie fundi kabla hajagusa betri, hata kama amekwenda kubadilisha plagi tu.

Je, ubadilishe redio nzima? Kama iliyopo ina Bluetooth au AUX na inasikika safi, hapana, bado. Inaweza kubaki hadi mwisho, kwa sababu amplifaya nyingi za sasa zinaweza kuchukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye waya za spika za redio ya kiwandani. Lakini kama haina njia yoyote ya kuunganisha simu, hii ndiyo hatua ya kwanza ya kutoa hela.

Ukibadilisha, tazama vitu vitatu nyuma na ndani ya hiyo redio mpya. Iwe na matundu ya RCA ya kupeleka sauti kwenye amplifaya, ikiwezekana jozi tatu: mbele, nyuma na sabufa. Iwe na kichujio cha kuzuia besi isiende kwenye spika ndogo. Na muda unaochukua kuwaka usikukere, maana baadhi ya redio za Android za bei ya chini zina skrini kubwa inayovutia dukani, lakini vipaza sauti vya ndani ni dhaifu na zinaganda ukishafungua programu mbili.

Vipimo navyo ni muhimu. Redio za kawaida za saizi kubwa zina upana wa milimita 180 hivi, wakati nafasi ya Toyota nyingi za Japani ni milimita 200. Bila vipande vya pembeni, dashibodi inabaki na mianya miwili inayoonekana kama meno yaliyong'oka. Muhimu zaidi, nunua soketi ya kuunganishia inayoingia kwenye plagi za Toyota zenyewe. Gharama yake ni ndogo, na inamzuia fundi kukata waya za gari kisha kuzisokota na tepu.

Milango ya mbele ndipo hela inapofanya kazi

Kama kuna sehemu moja ya kuweka nguvu, ni hapa. Dereva na anayekaa pembeni yake wanasikiliza spika za mbele. Za nyuma zinajaza tu, na kwa bajeti ndogo ziache zilivyo au hata uzizime.

Ukubwa wa kawaida kwenye Toyota ndogo ni inchi 6.5, ila usiamini maneno ya dukani, fungua mlango upime. Kipimo kinachosahaulika ni kina. Spika yenye sumaku ndefu inaweza kugonga kioo kikishushwa, na hilo hugundulika mlango ukishafungwa na kila mtu ameshalipwa. Shusha kioo hadi mwisho, pima nafasi kati yake na bati.

Spika za kiwandani za Toyota nyingi zimeumbwa pamoja na fremu yake ya plastiki. Ukiitoa, spika mpya inakosa pa kukaa, hivyo inahitajika ringi. Kuna za plastiki zinazouzwa tayari, lakini seremala yeyote anaweza kukata ya plaiwudi. Ipakwe rangi au vanishi pande zote, kwa sababu maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku inaponyesha na kutokea chini. Ubao wa unga wa mbao unavimba na kumeguka. Ile nailoni iliyobandikwa ndani ya mlango nayo isichanwe na kuachwa, ndiyo inayozuia maji yasiingie kwenye zulia.

Sasa kwenye namba za spika. Watu huangalia wati, lakini namba yenye faida kwa mwenye redio ya kawaida ni unyeti, unaoandikwa kwa desibeli. Spika ya desibeli 90 na ya desibeli 87 zinaonekana kukaribiana. Ukweli ni kwamba ile ya 87 inahitaji nguvu mara mbili ili ipige sawa na ya 90. Kama bado huna amplifaya, chagua yenye unyeti mkubwa hata kama wati zake zinaonekana kidogo.

Kuhusu aina, kuna spika zenye twita katikati na kuna zinazokuja vipande, twita peke yake na spika peke yake. Za vipande huinua sauti ya mwimbaji hadi usawa wa kioo badala ya kutokea magotini. Kama gari lako lina nafasi ya twita kwenye kona ya kioo cha pembeni au juu ya dashibodi, kazi inakuwa nyepesi. Zile zenye twita katikati ni nafuu na hufungwa haraka, na kwa hatua ya kwanza si aibu hata kidogo.

Lakini spika nzuri kwenye mlango mtupu ni kama kufunga ngoma kwenye debe. Spika inapiga mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Sauti ya nyuma ikipenya kwenye matundu ya bati la mlango inakutana na ya mbele na kuifuta, hasa besi. Juu ya hapo bati lenyewe linatetemeka na kuongeza kelele zake.

Tiba ni shiti za butili zenye foili juu. Si lazima kufunika mlango wote. Robo hadi theluthi ya bati la nje, katikati ya sehemu pana inayolia ukiigonga kwa kidole, inatosha kuua mtetemo. Zinazobaki zitumike kuziba matundu makubwa ya bati la ndani. Baada ya hapo gonga tena: mlango uliokuwa unalia "tang" sasa unalia "dup", na ukiufunga unasikika kama wa gari la bei mbaya.

Tahadhari: usikubali kubandikiwa shiti za lami za kuzibia paa la nyumba. Kwa joto la Dar es Salaam, gari lililoegeshwa juani mchana linapika. Lami inalainika, inateleza hadi kwenye mota ya kioo, na harufu yake haitoki.

Wengi wakifika hapa wanaridhika na kuishia hapa. Kwa dereva wa mtandaoni ambaye anataka tu abiria asikie wimbo vizuri na buti libaki la mizigo, hakuna sababu ya kuendelea.

Wati za kwenye boksi

Redio nyingi zinaandikwa "50W x 4", yaani wati 200. Geuza redio uangalie fyuzi yake. Mara nyingi ni ya ampea 10. Umeme wa gari likiwa limewaka ni karibu volti 14.4. Zidisha, unapata wati 144 zinazoingia, na sehemu ya hizo inapotea kama joto. Wati 200 zitatoka wapi?

Namba ya kuuliza ni RMS, nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo. Kwa redio ya kawaida ni kama wati 14 hadi 22 kwa kila spika. Amplifaya nayo ipimwe hivyo hivyo. Imeandikwa wati 2,000 lakini ina fyuzi ya ampea 30? Inachoweza kuvuta ni wati 432 hivi, na inayotoka ni pungufu ya hapo. Kuna kipimo cha kiwanda cha Marekani kinachoitwa CTA-2006, zamani CEA-2006, kinacholazimisha wati kupimwa kwa volti 14.4 na upotoshaji wa sauti usiozidi asilimia 1. Amplifaya yenye alama hiyo, na isiyo ya kughushi, namba zake unaweza kuziamini.

Hesabu hii ya fyuzi inafanyika ukiwa umesimama dukani Kariakoo, kwa simu, kabla ya kufungua pochi. Muuzaji anaweza asiifurahie.

Amplifaya moja, kazi mbili

Kwa mwenye bajeti ya kuungaunga, ununuzi wenye akili kuliko wote ni amplifaya ya njia nne. Mwanzoni njia mbili za kwanza zinasukuma spika za mbele. Miezi michache baadaye, sabufa ikipatikana, njia mbili zilizobaki zinaunganishwa pamoja kuisukuma hiyo. Hakuna kununua amplifaya ya pili, hakuna kupitisha waya upya. Soma tu kitabu chake: nyingi zikiunganishwa hivyo hazitakiwi kupewa ukinzani chini ya omu 4, kwa hiyo sabufa iwe ya omu 4.

Chagua ya kundi D, ambayo inapoteza umeme kidogo, na ndogo ya kutosha kukaa chini ya siti. Wati 50 RMS kwa kila njia zinatosha na kubaki.

Waya ndipo penye hatari

Sehemu hii haina punguzo. Betri ya gari inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Waya mnene wa amplifaya ukipita kwenye tundu la bati lenye makali, ukachunika na kugusa bodi, unakuwa mwekundu kama hita ndani ya sekunde chache. Juu yake kuna zulia, sponji na plastiki.

Kinga ni fyuzi moja, ikae si zaidi ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Ile iliyo kwenye amplifaya huko nyuma haisaidii kitu waya ukichunika katikati, kwa sababu umeme hautafika huko. Na ukubwa wa fyuzi unafuata uwezo wa waya, si tamaa ya muziki. Ikikatika, tafuta sababu. Kuibadilisha kwa kubwa zaidi, au kuifunga kwa foili ya pakiti ya sigara kama wafanyavyo wengine, ni kuondoa kinga yote. Kwenye tundu la kupita kutoka kwa injini kuingia ndani, waya upite kwenye mpira.

Unene wake? Amplifaya ya wati 200 halisi kwa jumla, kundi D, huvuta kama ampea 18 ikifanya kazi yote, na waya wa geji 8 wa shaba unatosha. Ukifika wati 500, hesabu inakwenda ampea 45 hivi, na hapo ni geji 4. Kwenye geji, namba ikishuka waya unanenepa.

Neno "shaba" hapo ndilo lenye utata. Seti nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba juu, ambayo inapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba tupu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, ni alumini. Si kwamba haifai kabisa, ila inabidi upande saizi moja ya unene. Waya mwepesi kuliko unavyotarajia, wenye ganda nene na nyuzi chache ndani, ni dalili nyingine.

Mengine ni mafupi. Waya wa hasi ufungwe kwenye bati la gari karibu na amplifaya, si zaidi ya nusu mita, na rangi ikwanguliwe hadi chuma kionekane. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari, waya wa RCA upite mwingine. Fundi akivipitisha pamoja, utasikia mluzi unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta. Na waya mwembamba wa kuwashia amplifaya, ule wa buluu wenye mstari mweupe, utoke kwenye redio. Ukiungwa moja kwa moja kwenye betri, amplifaya italala ikiwa imewaka na asubuhi mtaanza kusukuma gari.

Kuna kitufe kwenye amplifaya kinachoitwa geini ambacho wengi hudhani ni cha kuongeza sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio. Kikizidi, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na hilo linaunguza koili ya spika hata kama wati zake ni kubwa. Fundi mwenye multimita anaweza kukiweka kwa hesabu: zidisha wati RMS kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Wati 50 kwa omu 4 ni kipeuo cha 200, yaani volti 14.1. Spika zichomolewe, redio iwekwe robo tatu ya sauti, ipigwe mlio mmoja wa hezi 1,000, na geini ipandishwe hadi multimita isome hapo. Fundi anayesema masikio yake yanatosha anaweza kuwa mzoefu kweli, lakini koili ikiungua analipa mwenye gari.

Besi mwishoni, na kwa kiasi

Sabufa ya chini ya siti, inchi 8 yenye amplifaya yake ndani, haitetemeshi mtaa. Inachofanya ni kujaza ile besi ambayo spika za mlango haziwezi, na buti linabaki wazi. Kwa gari la familia au la biashara ndiyo yenye mantiki.

Anayetaka zaidi, inchi 10 kwenye boksi lililozibwa ndiyo njia ya kati. Boksi la aina hii ni dogo, mara nyingi lita 17 hadi 25, na besi yake ni kavu, inayofuata ngoma. Boksi lenye tundu linapiga kwa nguvu zaidi kwa wati zilezile, lakini ni kubwa na vipimo vya tundu vikikosewa linavuma tu. Fuata karatasi ya vipimo iliyokuja na sabufa. Mbao ya inchi robo tatu, gundi kwenye kila kona, na boksi lifungwe kwenye bodi. Kwenye ajali, boksi la kilo 20 lisilofungwa linakuja mbele.

Kisha kata masafa: spika za mlango zianze hezi 80 kwenda juu, sabufa ibaki na 80 kwenda chini. Spika za mlango zikipunguziwa mzigo wa besi zinapiga kwa sauti kubwa zaidi bila kukwaruza. Mara nyingi hapa ndipo mwenye gari anaposhangaa, maana hajanunua kitu kipya.

Altaneta ina kikomo chake

Altaneta za magari madogo hutoa kama ampea 70 hadi 100, na hizo zinagawanywa kwa taa, feni, AC na injini yenyewe. Kipimo chepesi: usiku, AC na taa vikiwa vimewaka, piga wimbo wenye besi na uangalie volti kwenye betri. Kawaida ni 13.8 hadi 14.4. Ikishuka chini ya 13 na taa zinapepesa kwa kila mdundo, umefika mwisho wa mfumo wa gari lako. Kapasita inayouzwa kama dawa haitengenezi umeme. Inaficha upepesaji tu.

Injini ikizimwa, mambo ni mabaya zaidi. Betri ya NS60 ina ampea-saa 45. Kikundi kinachoegesha Coco Beach Jumapili na kupiga muziki unaovuta wastani wa ampea 15 kitakuwa kimekula nusu ya betri ndani ya saa moja na nusu. Betri za kawaida za kuwashia gari hazikutengenezwa kwa mtindo huo, na zikifanyiwa hivyo mara kwa mara zinakufa mapema.

Masikio nayo yana bajeti. Kwa kipimo kinachotumika kazini, kelele ya desibeli 85 inavumilika saa nane kwa siku, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu, chini ya safari ya Mwenge hadi Posta kwenye foleni. Programu za bure za simu zinaweza kutoa makadirio ya kelele ndani ya gari.

Kabla ya kumkabidhi fundi funguo

Kubaliana bei ya ufundi kando na bei ya vifaa, na piga picha ya waya kabla dashibodi haijafunguliwa. Baadaye jaribu kila kitu papo hapo: honi, indiketa, vioo, taa za ndani, kamera ya nyuma na vitufe vya usukani. Taa ya mfuko wa hewa ikiwaka kwenye dashibodi baada ya kazi, usiondoke.

Majina makubwa kama Pioneer, Kenwood, JBL na Sony ndiyo yanayoghushiwa zaidi. Spika feki hujitambulisha kwa sumaku ndogo iliyofunikwa na kikombe cha plastiki, maandishi yaliyokosewa herufi, na wati nyingi kupita kiasi kwa bei ya kutupa. Spika nzima iliyotumika kutoka kwenye gari lililokatwa vipuri inaweza kuwa bora kuliko mpya ya namna hiyo, mradi ujaribu kwa kuisukuma kwa vidole: iende na kurudi bila kukwaruza.

Wezi wanaotoa vioo vya pembeni na swichi za vioo hawatashindwa redio yenye skrini ya inchi 10 inayowaka kwenye maegesho. Redio zenye uso unaotoka zinasaidia, na amplifaya iliyojificha chini ya siti haimwiti mtu.

Redio na spika za zamani zisitupwe. Zifungwe kwenye boksi na kuwekwa ndani, pamoja na soketi na skrubu zake. Siku ya kuuza gari, mnunuzi wa IST au Passo ni nadra kuongeza hela kwa sababu ya mziki, hivyo mfumo unatolewa, vya kiwandani vinarudi mahali pake ndani ya nusu siku, na spika, amplifaya na waya vinahamia kwenye gari linalofuata.